Bi Somoe Alivyoifukiza Nyumba Yake Ipate Mnunuzi

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima hana haya. Kanifuata kisimani, kanifuata shambani, kanifuata mpaka kwenye matanga ya watu. "Bibi, andika ile habari ya Bi Somoe na nyumba yake, wenzako wapate la kusoma." Wenzangu wana mikono, si waandike yao? Mkono huu umezoea mpini wa jembe, na herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Lakini habari hii nimeisikia ikisimuliwa na watu wasioijua, huyu anatia chumvi, yule anatia pilipili, hata wengine wakasema mle ndani mlikuwa na jini. Hamkuwa na jini. Kwa hiyo naandika, si kwa kuwa nimeombwa. Naandika kwa kuwa nimechoka kusikia upuuzi.

Bi Somoe alikuwa na nyumba Rahaleo, hapa Mtwara mjini. Nyumba ya fito na udongo, bati juu, ua nyuma. Aliijenga mumewe, marehemu Issa Nampota, mchuuzi wa papa. Papa wake walitoka Msimbati na kule chini Ruvuma inapomwaga maji baharini. Walipasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa hata wakawa wagumu kama mbao, kisha Issa akawarundika chumba cha nyuma kungoja lori la Nanyamba na la Mpapura, kwa watu wa muhogo, ambako mtu akipata kipande cha papa huona Idi imemfuata nyumbani. Miaka yote ya ndoa yao chumba kile hakikuwahi kuwa kitupu. Udongo ulikunywa papa. Fito zilikula papa. Jua likiwaka juu ya bati, nyumba ilitoka jasho, na jasho lile lilikuwa papa.

Bi Somoe hakusikia kitu. Nyani haoni kundule, na pua nayo haijinusi.

Issa alipofariki na eda ikaisha, Bi Somoe alibaki na jambo moja moyoni: kurudi Msimbati kwa dada yake, Zuhura. Zuhura ndiye mkubwa, na macho yalikuwa yameingia ukungu, anakwenda jikoni kwa kupapasa ukuta. Mwanawe Zuhura, Hassani, mwenye kazi Daressalama, alishatoa neno: Idi ya kuchinja ikipita, kama mama hana mtu wa kukaa naye, anamchukua. Mtoto mwema, simlaumu. Lakini kumpeleka Daressalama mwanamke wa Msimbati asiyeona ni kumzika huku anapumua, na Bi Somoe alijua wakiachana mara hii watakutana kwa Mungu. Naye hakuweza kwenda mikono mitupu. Kibanda cha Zuhura kilivuja mpaka kuku walihama. Nyumba ya Rahaleo iuzwe, ndipo kibanda kiezekwe na dada wawili wale wapate cha kula. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Bi Somoe. Mengine yote ni vichekesho.

Mwaka ule Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, na watu wa kazi walikuwa wakiletwa Mtwara kama mvua. Nyumba zilitafutwa. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Hamisi, karani wa bandarini, na mkewe Halima, mzaliwa wa Tanga, mwanamke wa kujipaka marashi hata akienda kuteka maji.

"Karibuni, karibuni," Bi Somoe akawaambia. "Nyumba ndiyo hii. Haina ufa, haina mchwa."

Halima akavuka kizingiti, akarudi nje, akavuka tena, kama mtu anayepima maji kwa kidole. Upande wa kanga ukapanda puani.

"Shikamoo bibi. Kuna kitu kimefia humu ndani?"

"Marahaba. Kife nini? Niliyemo ndani ni mimi, na mzima kama unionavyo."

"Ni harufu, bibi."

"Harufu ya nini?"

"Ya samaki."

"Hii ni Mtwara, mwanangu. Ulitaka bahari inuke mbuzi?"

Hamisi aliipenda milango, aliupenda ua, akapima vyumba kwa mikono yake. Lakini mke alikuwa keshasimama barabarani, akivuta pumzi kama aliyeokolewa majini. Wakasema watarudi. Mnunuzi akisema atarudi, mpe mkono wa buriani.

Bi Somoe akajifunga kanga, akaenda dukani kwa Maryambai. Maryambai ni Mhindi, lakini kazaliwa Mikindani, na Kiswahili chake kina viungo kuliko cha wengi wetu. Wawili wale walikuwa mashoga tangu ujana, na hawakuwahi kukubaliana hata siku moja.

"Maryambai, nyumba yangu inanuka?"

Maryambai alikuwa akipima dengu. Akaiweka chini mizani. "Unataka nikujibu kama mwenye duka au kama shoga yako?"

"Kama shoga."

"Inanuka papa, Somoe. Na wewe unanuka papa. Kanga zako zinanuka papa. Ukiingia hapa dukani, paka wangu anaamka."

"Paka wako hana adabu."

"Ana pua. Sasa nisikilize. Kaka yangu Mohamedraza alipokuwa anauza nyumba ya Mikindani, wewe unaijua ilivyokuwa. Popo darini, mavi yao mpaka kwenye ngazi. Wanunuzi wanaingia, wanatoka. Nikamwambia, niachie mimi. Nikasugua, nikafungua madirisha yote, na siku ya mnunuzi nikachemsha maziwa kwa iliki jikoni, nikafukiza udi kidogo. Kidogo tu, Somoe! Mtu ausikie asijue unatoka wapi. Yule bwana kaingia, kavuta pumzi, kakaa kitako bila kukaribishwa. Basi pale pale nikajua tumeuza. Nyumba mtu huingia kwa pua. Macho yanafuata nyuma, na mfuko ndio wa mwisho kuvuka kizingiti."

Akamtolea kisanduku cha udi. Bi Somoe akauliza bei. Alipoambiwa, akakirudisha kisanduku juu ya meza kama kimemuunguza.

"Udi wenu mmeukata peponi? Mimi ninao ubani nyumbani, umebaki kwenye hitima ya Issa, kikapu kizima."

"Ubani? Somoe, shoga yangu, ubani si wa kuuzia ny..."

"Moshi ni moshi," alisema Bi Somoe, na neno la mwisho alilisemea barabarani.

Hapo ndipo alipokosea, naye alikuwa mtu mzima wa kujua. Sisi watu wa huku pua zetu zimesoma kabla yetu. Ukisikia udi, unauliza harusi ya nani. Ukisikia ubani, mwingi, mchana, madirisha yamefungwa, huulizi. Unajifunga kanga kiunoni unakwenda kulia.

Hamisi alikuwa amembembeleza mkewe waiangalie nyumba mara ya pili, maana kila walikokwenda walikuta imeshachukuliwa. Bi Somoe alipopata habari kwamba wanakuja, akafunga madirisha ili harufu nzuri isipotee bure. Akawasha chetezo chumba cha mbele, kingine chumba cha nyuma, na kwa kuwa hakuwa na cha tatu, akatia makaa kwenye kigae cha chungu akakiweka ukumbini. Akamwaga ubani kwa kiganja kama anayelisha kuku. Moshi ukajaa, ukatafuta njia, ukatokea chini ya bati pande zote. Mwenyewe akakaa katikati, anakohoa, anatoka machozi, anaridhika.

Jirani yake, Hadija, alikuwa anatwanga. Ubani ukamfika. Mchi ukamtoka mkononi.

"Yalaa! Bi Somoe katutoka!"

Ukelele ule uliruka ua hadi ua. Muda si muda wanawake wamejaa mbele ya nyumba, huyu na unga, huyu na kuni, huyu anafungua pindo la kanga atoe alichonacho. Hadija keshajitupa chini. "Ee Bi Somoe! Mtu wa watu! Hukumkosea mtu!" Na wote walijua ni uongo, maana hakuna aliyekuwapo pale ambaye Bi Somoe hakumkosea, lakini maiti haisemwi.

Ndani, Bi Somoe akasikia jina lake. Akasikiliza. Akaona wanamsifu, akasikiliza kidogo zaidi. Kisha akafungua mlango, akatoka na wingu la moshi nyuma yake.

"Nani kafa?"

Wanawake wakarudi nyuma wakakanyagana.

"Wewe!" alisema Hadija.

"Nani kakwambia?"

"Ubani."

Kabla hajajibu, akatokea mzee Chilumba. Huyu alikuwa mtani wa ukoo wao, na mtani kwetu hana mpaka penye msiba. Kazi yake ni kumwigiza marehemu, kuwaziba njia wafiwa na kudai alipwe, mpaka wenye kilio wacheke kwa nguvu. Alikuja mbio kutoka barazani kwa watu, mdomo bado umejaa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, na hakutazama nani kasimama wapi. Akanyakua kanga kambani, akajitanda, akajilaza kizingitini pa! kama gogo.

"Mimi ndiye marehemu Somoe!" akaanza kwa sauti nyembamba. "Haina ufa, haina mchwa! Hata kaburi langu halina ufa! Hapiti mtu hapa mpaka nilipwe!"

"Chilumba, ondoka mlangoni kwangu! Sijafa!"

"Mnamsikia? Hata akifa anabisha."

Ndipo Hamisi na Halima wakatokea kona ya njia, wamevaa vizuri kama wanunuzi. Wakaona kuni, wakaona unga, wakaona wanawake chini na mzee kajitanda kanga mlangoni.

"Poleni sana," alisema Hamisi, akavua kofia. "Msiba wa nani?"

"Hakuna msiba, baba. Karibuni ndani, nyumba ndiyo hii."

Halima akanusa hewa. Safari hii hakuziba pua. Alikunja uso. "Bibi, kama hakuna msiba, ubani wote huu wa nini?"

Na hapo, msomaji, lilikuwapo jibu la neno moja. Angesema tu: nyumba ilikuwa inanuka papa, nimeifukiza. Watu wangecheka, wangekula ming'oko, yangekwisha. Lakini kulisema jibu lile ni kukiri kwamba Halima alisema kweli mara ya kwanza, na Maryambai alisema kweli, na paka wa Maryambai alisema kweli. Bi Somoe akanyoosha shingo.

"Nafukiza tu," akasema.

Asiye na harusi, asiye na msiba, asiye na mgonjwa, naye anafukiza tu, huyo kwetu ana mgeni asiyeonekana anayemtunza. Hadija akaokota unga wake. Aliyekuwa anafungua pindo la kanga akalifunga, mafundo mawili. Halima alikuwa keshafika kona, na Hamisi anamfuata huku kofia iko mkononi bado. Hata mzee Chilumba aliinuka kizingitini upesi kuliko alivyolala, akaitundika kanga kambani kwa heshima.

"Mimi utani wangu," alisema, "ni na watu."

Tangu siku hiyo nyumba ikawa ya jini. Wapita njia walihama upande wa pili wa barabara. Wengine walisema jini lenyewe ni la kibahari, refu, lenye mapezi, na ndiyo sababu zamani lilikuwa likinuka samaki. Mnunuzi hakuja hata mmoja. Chilumba alizoea kupita asubuhi na kusimama mbali: "Shikamooni, nyote wawili!" Naye Bi Somoe, badala ya kuacha, akazidisha. Asubuhi ubani, jioni ubani. Akiacha, alisema, watu watadhani kweli lilikuwapo na sasa limeondoka.

Maryambai akaja mwenyewe kwa miguu, jasho linamtoka.

"Somoe, waambie watu kweli. Waambie ni kwa ajili ya papa."

"Niseme nyumba yangu inanuka? Bora jini."

"Na Zuhura je?"

Bi Somoe akageuka kuchochea makaa ya chetezo. Maana habari ilikuwa imemfikia kwa dereva wa lori la Msimbati: Hassani keshafika kwa mama yake, kaja kula Idi na kufunga mizigo, na Zuhura anashinda mlangoni akiuliza kila anayepita, "Ni Somoe?"

Idi ikiwa imeshabisha hodi, wakaja watu wengine. Mke jina lake Veronika, muuguzi, mtu wa upande wa Masasi, kahamishiwa hospitali ya hapa. Mume ni Stefano, seremala, mtu wa maneno machache. Walikuwa wageni, hawana shoga mjini wa kuwaonya. Hadija alijaribu kumkonyeza Veronika juu ya ua. Veronika akamtazama kwa huruma, akamwambia jicho hilo alilete hospitali.

Bi Somoe akawafungulia bila matumaini. Hata ufa na mchwa hakuvitaja.

Veronika akaingia, akasimama. Akafumba macho. Mkono ukaenda kwenye paji la uso, kifuani, begani huku na huku.

"Stefano. Unasikia?"

"Nasikia."

"Pasaka," alisema Veronika, na sauti ilikuwa imebadilika. "Bibi, baba yangu ndiye aliyekuwa anashika chetezo kanisani kwetu. Akirudi nyumbani ananukia hivi hivi, mpaka mikono ya kanzu. Tangu tumzike sijaingia nyumba inayoninukia baba."

Bi Somoe akashika ukuta. Ubani wa hitima ya Issa umekuwa wa kanisani! Ulimi ukamuwasha, na ulimi wake ukimuwasha hakuwa na dawa.

"Humu palisomwa Kurani, mwanangu," akasema. "Pasaka haijapita hapa."

"Basi ni nyumba iliyosaliwa," alisema Veronika. "Ndiyo tunayoitaka."



Lakini Stefano alikuwa kaingia chumba cha nyuma. Wakamsikia anagonga ukuta kwa kidole, kisha kimya, kisha anavuta pumzi, moja ndefu. Akarudi.

"Bibi, nyumba ni imara. Ila chini ya ubani kuna kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Wewe ndiye mwenye nyumba. Makaa yakizimika, sisi tutalala na nini?"

"Utalala na mkeo!"

"Bibi," alisema Veronika polepole, "tuambie tu. Ukituambia tutajua la kufanya. Usipotuambia, tutakwenda kutafuta pengine."

Moshi ulikuwa unapanda baina yao. Bi Somoe akamwona Zuhura ndani yake, anapapasa ukuta, na ukuta si wa Msimbati, ni wa Daressalama, na kila mlango anaoufikia si wake. Akafumbua mdomo, akaufumba. Akaufumbua tena. Neno lilitoka kama jino.

"Papa."

"Nini, bibi?"

"Papa! Papa! Nyumba inanuka papa!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na kama ni kukiri basi alikiri kwa Rahaleo nzima. "Mume wangu kaweka papa humu maisha yake yote, ukuta umenywa papa! Hakuna maiti, hakuna jini, kuna papa! Haya, mmefurahi?"

Nyuma ya ua ikasikika sauti ya Hadija: "Si tulikuwa tunajua!"

"Mlijua, na hamkuniambia?"

"Nani angekwambia wewe?"

Veronika alicheka mpaka akakaa chini. Stefano hakucheka. Alisema ule udongo wa chumba cha nyuma utabomolewa, fito zitatolewa, ukuta ukandikwe upya, na kwa hiyo bei ishuke. Bi Somoe akarudi kuwa Bi Somoe pale pale.

"Bei haishuki. Papa sikukuuzia, nimekupa bure."

Wakabishana mpaka adhuhuri. Mwisho wakapatana hivi: bei ibaki, lakini ukuta aubomoe na aukandike Bi Somoe mwenyewe kabla ya kuondoka. Akakubali kwa kiburi kama vile ndiye aliyeshinda. Kesho yake akaingia na shoka. Udongo ulipoanguka, papa wa miaka yote akatoka kwa mkupuo mmoja, na paka wa Rahaleo wakaja kusimama uani kama wanaongoja mgao. Hadija alikuja kukanyaga udongo mpya bila kuombwa, na wenzake nyuma yake. Mzee Chilumba alileta maji kwa debe, akadai ujira wa kulitoa jini, akapewa bonge la udongo mgongoni.

Bi Somoe alipanda lori la Msimbati siku ya kuamkia Idi, matope bado yamo kwenye kucha, fedha za nyumba zimo pindoni mwa kanga. Alimkuta Hassani uani anafunga godoro la mama yake kwa kamba.

"Fungua," akamwambia.

"Mama mdogo, nauli nimeshalipa, yangu na ya mama."

"Basi lala viti viwili."

Na Zuhura, aliyekuwa kakaa juu ya sanduku lake kama abiria, akaanza kulifungua kwa kupapasa, anatoa nguo moja moja na kumrushia mwanawe kichwani, anacheka peke yake. Hassani alikula Idi, akashiba, akaondoka na viti vyake viwili. Kibanda kiliezekwa kabla ya mvua. Wale dada waligombana humo kila siku mpaka mwisho wao, na walikuwa na raha.

Haya, nimeandika, na mkono unauma. Sasa ni zamu yako wewe uliyesoma. Inuka hapo ulipokaa. Toka mpaka barabarani, geuka, uingie nyumbani kwako polepole, kama mgeni aliyekuja kununua. Utakachokisikia usikifukize. Njoo uniambie kwa kinywa chako mwenyewe, bila kukipunguza. Mwalimu wa kisomo atangulie.